Mchumia Juani, Mbona Mwingine Hulia Kivulini?

Katika toleo hili sikutaka kuandika juu ya faida za elimu wala madhara ya ulevi, kwani hayo yameandikwa yakaandikika. Nina swali moja tu linalonikera: kwa nini mataifa mengine ni tajiri na mengine ni maskini? Na je, sisi wa Mulot tunahusika vipi katika jambo hilo?

Najua kuna atakayesema, "Huyu naye! Hayo ni mambo ya maprofesa." La hasha! Swali hili linapita mbele yetu kila siku likiwa juu ya lori. Ni kweli kwamba hapa sokoni Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, sisi ni watu wa mahindi, viazi na maziwa zaidi. Lakini ukipanda kidogo tu kuelekea Silibwet unaingia katika nchi ya majani chai, na wengi wetu tuna nyanya au wajomba huko. Pesa za chakula cha mchana tunachokula hapa shuleni, kwa wengi wetu, hutoka kwenye majani hayo. Kwa hivyo nitaipima kila nadharia ya wataalamu kwa kikombe cha chai. Ikishindwa kueleza kikombe hicho, basi haitufai.

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kwetu chai huchumwa hata mvuani. Lakini nionavyo mimi, anayechuma ni mmoja na anayekula kivulini ni mwingine kabisa. Hebu tupige hesabu kidogo, na msiogope, haizidi ya Kidato cha Kwanza.

Kilo moja ya chai kavu hutokana na majani mabichi kama kilo 4.5. Mkulima hulipwa shilingi ishirini na kitu kwa kila kilo ya majani mabichi mwezi unapoisha, halafu husubiri bonasi mwisho wa mwaka. Chai hiyo ikifika katika mnada wa Mombasa, bei yake katika miaka ya karibuni imekuwa ikichezacheza kati ya dola 2 na dola 3 kwa kilo. Mfuko mmoja wa chai wa kutumbukiza kikombeni hubeba gramu kama 2. Maana yake kilo moja hutoa vikombe 500. Mkahawani London, kikombe kimoja huuzwa pauni 2 na hata zaidi, na pauni 2 ni zaidi ya shilingi 300 zetu. Jamani! Mzungu mmoja akinywa kikombe kimoja ameshalipa karibu bei ya kilo nzima mnadani. Vikombe 499 vilivyobaki je?

Mgala muue na haki yake umpe. Mwenye mkahawa hulipa kodi ya nyumba, mishahara, stima, maziwa na sukari. Si kwamba vikombe hivyo vyote 499 ni faida tupu. Hata hivyo, swali linabaki pale pale: kwa nini kazi zote zenye malipo mazuri katika safari ya jani hilo ziko ng'ambo, na kazi ya kuinama shambani iko huku?

Jibu la kwanza ambalo nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wazima, ni kwamba Mwafrika ni mvivu. Jibu hili silikubali hata kidogo. Yeyote anayesema hivyo aje aamke saa kumi na moja alfajiri, avae karatasi ya nailoni kiunoni, aingie katika umande baridi kama barafu, achume majani mawili na kichipukizi mpaka mchana, kisha abebe kapu hadi kituo cha kununulia majani na kungoja lori ambalo huenda likaja saa mbili usiku. Kama bidii peke yake ingeleta utajiri, akina mama wa Bomet wangekuwa mabilionea!

Jibu la pili ni la wasomi. Mnamo mwaka wa 1817 Mwingereza David Ricardo aliandika kwamba kila nchi ifanye kile inachokimudu vizuri zaidi ikilinganishwa na kazi zake nyingine, kisha zibadilishane. Mfano wake ulikuwa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Akaonyesha kwamba nchi zote mbili zitafaidika. Kwa mtazamo huo mambo ni sawa tu: sisi tuna nyanda za juu, mvua na udongo mwekundu. Uingereza haina. Basi sisi tulime chai, wao watengeneze mashine.

Nadharia hii ina ukweli. Hatuwezi kunywa chai yote tunayolima, maana Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi katika nchi za nje. Bila biashara tungeozewa na majani. Ila Ricardo anazungumza kana kwamba kila mtu alifika sokoni kwa hiari yake, na sisi hatukufika hivyo. Sheria za ardhi za mwaka wa 1902 na 1915 ziliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kugawia walowezi ardhi ya watu, na hiyo ya 1915 ikaruhusu mikataba ya miaka 999. Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa kama Brooke Bond na James Finlay zikaanzisha mashamba ya chai Kericho. Mnamo mwaka wa 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye joto, mbung'o na malaria. Na kwa muda mrefu Mwafrika mwenyewe hakuruhusiwa kupanda chai. Mlango huo ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hivyo mtu akisema eti Mungu ndiye aliyepanga sisi tuchume na wao wauze, mwambieni kwamba mipango hiyo ilikuwa na sahihi za magavana.

Jibu la tatu ni la Mmarekani W. W. Rostow. Mwaka wa 1960 alitoa kitabu akasema kwamba maendeleo ni kama ngazi yenye vidato vitano. Nchi huanza katika jamii ya jadi, hujiandaa, hupaa, hukomaa, kisha hufika kwenye wakati wa watu kununua vitu kwa wingi. Wajibu wetu, kwa maoni hayo, ni kungoja na kupanda kidato baada ya kidato. Hii ni nadharia tamu, hasa kwa mtu aliye Kidato cha Tatu! Lakini chai ya biashara imekuwa Kericho kwa karibu miaka 100 sasa, na sehemu kubwa yake bado hutoka nchini ikiwa katika magunia ya karatasi, bila jina, ikachanganywe na kutiwa chapa kwingine. Mtu akikaa kwenye kidato kimoja miaka 100, si haki kumwambia angoje. Ni vyema kutazama kama ngazi yenyewe haijakatwa.

Ndipo ninapofika kwa wataalamu wawili ambao maneno yao, kwangu mimi, yanaingiana na kikombe cha chai barabara. Hao ni Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, aliyefanya kazi katika Umoja wa Mataifa. Mnamo mwaka wa 1950, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba baada ya muda mrefu bei ya mali ghafi hushuka ikilinganishwa na bei ya bidhaa za viwandani. Sababu si ngumu. Mtu akitajirika hatakunywa vikombe 40 vya chai kwa siku. Tumbo lina mwisho. Lakini atanunua simu bora, gari bora na dawa bora, na tamaa ya vitu hivyo haina mwisho. Pili, wanaouza chai ni wengi. Hapa kwetu wakulima wadogo peke yao ni zaidi ya 600,000. Ongeza India, Sri Lanka, Uganda, Rwanda na Malawi. Wanunuzi wakubwa ni wachache. Wauzaji wakiwa wengi na wanunuzi wachache, nani atapanga bei? Hata mama muuza nyanya za sokoni Mulot siku ya soko anajua jibu.

Mfano wa karibu tulionao ni huu. Mwezi Julai mwaka wa 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa mnadani, dola 2.43 kwa kilo, kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Nia ilikuwa njema. Wakulima walifurahi. Lakini wanunuzi walinyamaza tu, wakachagua chai nzuri zaidi na kuiacha nyingine, na mamilioni ya kilo yakarundikana katika maghala ya Mombasa. Baadaye bei hiyo ya chini ikaondolewa. Tazameni pia Sudan, mteja wetu wa siku nyingi: mwezi Machi mwaka wa 2025 ilipiga marufuku bidhaa za Kenya kwa sababu ya siasa, na chai ikakosa soko hilo ghafla. Mwenye mali ghafi ni kama mtu aliyeshikwa shati. Akivuta kwa nguvu, linararuka lake.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka wa 1972 kitabu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika iwe nyuma. Hoja yake ni kwamba utajiri wao na umaskini wetu si hadithi mbili. Ni hadithi moja yenye kurasa mbili. Ukisoma habari za Talai na mashamba ya Kericho utaona kwamba hakuwa akibuni.

Lakini wanafunzi wenzangu, hapa nataka tusimame kidogo. Kuna hatari ya kumlaumu mkoloni mpaka tukasahau kujilaumu. Korea Kusini ilitawaliwa na Japani hadi 1945, kisha ikavunjwavunjwa na vita hadi 1953. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mapato ya mtu mmoja huko hayakuwa mbali sana na yetu. Leo simu zao ziko mifukoni mwa walimu wetu! Walifanyaje? Waligawa ardhi kwa wakulima, wakasomesha watoto wote, na serikali yao ikavilea viwanda vichanga mpaka vikaweza kushindana. Mkorea Ha-Joon Chang aliandika mwaka wa 2002 kwamba hata nchi tajiri zilipanda kwa njia hiyo hiyo ya kulinda viwanda vyao, kisha zikaipiga teke ngazi ili wengine wasipande. Na ni kweli: Uingereza, mwalimu wetu wa soko huria, ilitunga sheria mwaka wa 1700 na 1721 kuzuia vitambaa vya pamba vya India ili wafumaji wake wasife njaa.

Tazameni na Sri Lanka. Ilikuwa koloni la chai kama sisi. Leo wana chapa zao wenyewe kama Dilmah zinazouzwa madukani ng'ambo. Mwaka wa 2024 kampuni ya Lipton Teas and Infusions ilitangaza kwamba inauza mashamba yake ya Kenya, na mnunuzi alikuwa Browns, kampuni ya Sri Lanka. Kumbe aliyekuwa mchumaji jana anaweza kuwa mwenye shamba leo! Mimi nilipolijua hilo nilifurahi na kuona haya kwa pamoja. Nilifurahi kwa kuwa ni ushahidi kwamba hatima haikuandikwa na mkoloni peke yake. Nikaona haya kwa kuwa shamba lililonunuliwa liko Kericho, na mnunuzi hakutoka Kericho.

Aidha, tusijidanganye kwamba dhuluma iko kati ya Ulaya na Afrika tu. Hata sisi kwa sisi kuna kivuli na jua. Mwaka wa 2025 wakulima wa Bomet na Kericho walilalamika kwamba bonasi yao ilikuwa ndogo mno kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Wengine walisema ni ubora wa majani, wengine wakasema ni usimamizi. Vyovyote iwavyo, ni wazazi wangapi wanaohudhuria mkutano mkuu wa kiwanda chao wakiwa wamesoma hesabu zake? Nao wachumaji vibarua, ambao hawana hata mche mmoja wenye jina lao, hawapati bonasi hata senti. Mashine za kuchuma zilipoingia, wengine walikasirika, na mwezi Mei mwaka wa 2023 kadhaa zikachomwa huko Kericho. Mimi siungi mkono kuchoma mali. Lakini nauliza: mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi, ile pesa iliyookolewa inaingia mfukoni mwa nani?

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana nafika nyumbani kabisa. Mulot yetu imevuma magazetini kwa jambo la aibu, yaani ulaghai wa simu. Ukimwambia mtu wa Nairobi unatoka Mulot, kwanza anaishika simu yake vizuri, halafu ndipo anakusalimu. Tunacheka, lakini si kichekesho. Kuna vijana wa rika letu walioacha madawati yao kwa sababu walimwona fulani amenunua pikipiki na kujenga nyumba ya mawe bila kushika jembe wala kalamu. Nimewasikia wakijitetea hivi: "Dunia yenyewe ni ya wizi. Wazungu walituibia ardhi, wakubwa wanatuibia bonasi, sisi tukichukua kidogo kwa simu kuna ubaya gani?"

Ubaya upo, na nitausema bila kuogopa. Anayelaghaiwa si mwenye kampuni ya London. Ni mama mjane wa Machakos aliyetumiwa karo ya mtoto. Ni mlinzi wa usiku wa Nakuru. Ni nyanya wa mtu, kama wako na wangu, aliyeingiziwa pesa za majani jana. Kuwaibia hao si kulipiza kisasi kwa mkoloni. Ni kufanya kile kile alichofanya: kumwendea asiyejua kusoma karatasi na kumtoa kilicho chake. Tukikasirikia dhuluma ya mataifa, tusiifungulie tawi hapa Mulot. Isitoshe, akili inayoweza kuvumbua mbinu hizo ingetosha kuendesha kiwanda cha kufungasha chai.

Basi tufanye nini? Sina dawa ya kila kitu, ila nina mapendekezo manne. Kwanza, serikali na viwanda vyetu vizidishe chai inayofungashwa hapa nchini ikiwa na jina la Kenya. Ketepa pale Kericho imekuwa ikifungasha tangu miaka ya 1970, kwa hivyo si jambo geni. Soko huru la Afrika lilianza biashara mwaka wa 2021. Huko tusipeleke magunia tu, tupeleke pakiti. Pili, tulime chai za aina nyingine. Watafiti wa Kericho walitoa mwaka wa 2011 aina ya chai ya zambarau, lakini mche bila soko ni pambo. Kampuni na serikali zitafute wateja kabla ya kumwambia mkulima apande. Tatu, sisi wanafunzi tuwasomee wazazi wetu stakabadhi na hesabu za kiwanda, tuwafafanulie kwa Kiswahili au Kipsigis, kila makato yanaenda wapi. Nne, shule zetu za kutwa zipewe maabara na vitabu kama zile za bweni za kitaifa, kwa sababu Wakorea walianzia darasani.

Najua kuna watakaosema mimi ni mdogo na haya ni makubwa. Ni kweli, nina miaka kumi na sita. Lakini ikiwa kichipukizi ndicho kinachochumwa na kupelekwa London, basi kichipukizi nacho kina haki ya kuuliza kinauzwa bei gani. Umaskini wetu una historia, na wenye makosa katika historia hiyo ni wengi, wa mbali na wa karibu. Dawa yake haiko katika kungoja ngazi ya Rostow, wala katika simu ya mlaghai. Iko katika kujua hesabu, kudai haki, na kufanya wenyewe zile kazi za kivulini ambazo tumewaachia wengine muda mrefu.

Wasioafikiana nami, kalamu mnazo na toleo lijalo lipo.